Muhammad Ali Katika Mizani: Jibu kwa Mama wa Mitunguu



Juma lililopita tulikuwa Mitunguu, katika Meru, wageni wa jamaa zetu waliohama Pwani miaka mingi iliyopita wakifuata biashara ya ndizi. Ukitoka Nkubu njia inateremka hadi kwenye nchi ya joto, ya mifereji ya maji na migomba, hata mtu wa Pwani hajioni mgeni sana. Usiku, baada ya sala ya isha, chai ilipokuwa ikizunguka, kijana wa nyumba ile mwenye umri wa miaka 16 alimwomba baba yake ruhusa ya kujifunza ndondi. Hoja yake ilikuwa moja: Muhammad Ali alikuwa Mwislamu, naye ndiye bingwa mkubwa kuliko wote waliopata kupigana katika uzito wa juu. Basi ubaya uko wapi?

Baba akamjibu kwamba mkubwa kuliko wote ni Joe Louis. Ami yake akamtaja Rocky Marciano. Mabishano yakapamba moto hata vikombe vikapoa. Mama wa kijana alinyamaza muda wote, kisha akatugeukia, akasema: "Nyinyi ndio waandishi, basi amueni. Lakini mkishamaliza hesabu za hao wanaume, mniambie na mimi nimjibu nini mwanangu."

Tukiambiwa tuhukumu, tumeamrishwa tuhukumu kwa uadilifu. Na tuanze kwa kumpa kila mmoja haki yake.

Kwa hesabu tupu, baba wa kijana ana hoja nzito. Joe Louis alishika ubingwa tangu 1937 hadi 1949, akautetea mara 25, na hakuna bondia wa uzito wa juu aliyeifikia idadi hiyo. Ami naye hakukosea: Marciano alipigana mara 49, akashinda zote 49, akastaafu mwaka 1956 bila kushindwa. Ali alipigana mara 61, akashinda 56, akashindwa mara 5. Lau daftari lingetosha, kesi ingekwisha hapo.

Lakini daftari halisemi mtu alipigana na nani, wala katika hali gani. Marciano alipomwangusha Louis mwaka 1951, Louis alikuwa na miaka 37 na nguvu zake zimekwisha. Ali aliishi katika zama zilizojaa majabali, naye hakuwakimbia. Februari 1964, akiwa na miaka 22, alimvua taji Sonny Liston, mtu aliyeogopwa na watu wazima. Alipigana na Joe Frazier mara tatu: akashindwa Machi 1971, akashinda mara mbili zilizofuata, ya mwisho ikiwa Manila mwaka 1975, pale mwalimu wa Frazier alipokataa kijana wake asitoke kwa raundi ya 15.

Na liko pambano lililofanyika katika ardhi yetu ya Afrika, mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, na wapinzani 37 kati yao hawakufika mwisho wa pambano. Frazier na Ken Norton, ambao wote wawili walikuwa wamemshinda Ali, Foreman aliwamaliza kila mmoja katika raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32. Aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha mwenzake ajichoshe kwa kupiga. Katika raundi ya nane akamwangusha. Ushindi ule ulitoka kichwani na katika subira zaidi kuliko mikononi. Mwaka 1978 alilitwaa taji kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuna bondia wa uzito wa juu aliyelifanya kabla yake.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba kilichomweka Ali mbele ya Louis na Marciano hakikutokea ulingoni. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, aliitwa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akakataa kwa kutaja dini yake. Alinyang'anywa taji, leseni na pasipoti. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, ingawa hakuingia jela kwa kuwa alikata rufaa. Kwa miaka mitatu na nusu hakupigana. Ilikuwa ile miaka ambayo bondia huwa katika ukamilifu wa nguvu zake. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu ile, lakini miaka haikurudishwa. Wako mabingwa wengi waliopoteza taji kwa kupigwa. Yeye alilipoteza kwa kusema hapana, hali akiijua bei yake.

Uadilifu unatutaka tuseme na makosa. Frazier alikuwa amesimama naye siku za kufungiwa, lakini Ali alimlipa kwa kejeli, akamwita sokwe mbele ya dunia nzima. Maneno yale yalimuumiza Frazier miaka mingi, na mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times. Februari 1980 alikuja huku kwetu kwa ombi la Rais Jimmy Carter, kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere hakumpokea, na Tanzania ilikwenda Moscow ikarudi na medali mbili za fedha. Bingwa naye ni mwanadamu: hukosea, hutubia, huendelea.

Hukumu yetu basi ni hii: kwa mapigo na hesabu, Louis na Ali wanakaribiana sana, kwa uzito wa mtu mzima, Ali ni wa kwanza.

Sasa tuje kwa mama, aliyengoja hadi asubuhi.

Tulimwambia hivi. Mwanao akimtaja Ali, msimulie na mwisho wa hadithi. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alirudi ulingoni kupigana na Larry Holmes, akapigwa raundi kumi hata mwalimu wake akalisimamisha pambano. Mwaka 1984 aligunduliwa kuwa na maradhi ya Parkinson. Madaktari wamejadiliana ngumi zilichangia kiasi gani, lakini ulimi uliokuwa mwepesi kuliko yote ulinyamaza kidogo kidogo, na mikono ile ikatetemeka dunia nzima ikiona, alipowasha mwenge wa Atlanta mwaka 1996.

Msimulie na kisa cha hapa nyumbani. Robert Wangila alituletea Kenya dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, Seoul 1988. Julai 1994 alifariki kwa majeraha ya pambano mjini Las Vegas. Alikuwa na miaka 26.

Dini yetu haikukataza nguvu. Imekataza kupiga uso, na imetufundisha kwamba shujaa wa kweli ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua kwamba ndondi, kama inavyochezwa leo, haifai kisharia. Kumpenda Ali hakumlazimu mtoto kuziiga ngumi zake. Yako ya kuiga: alfajiri za mazoezi, kutouza dhamiri, kuomba radhi.

Kijana alisikiliza, akainamisha kichwa. Kisha akauliza: je, kukimbia na kuruka kamba kama Ali, hilo nalo limekatazwa? Baba akacheka, akamruhusu, kwa sharti asikose sala ya alfajiri.

Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016. Sala yake ya jeneza ilisaliwa Louisville, mji alikozaliwa, katika siku za mwanzo za Ramadhani. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuhifadhie watoto wetu, vichwa vyao na nyoyo zao. Amin.