Mradi kama Shule: Upatikanaji wa Wataalamu katika Ujenzi wa Reli ya TAZARA

Makala haya yanafafanua namna nchi isiyo na wahandisi wa kutosha inavyowapata wataalamu wa mradi mkubwa. Tatizo hili si la Afrika pekee. Mfereji wa Erie nchini Marekani (1817–1825) ulisimamiwa na Benjamin Wright na James Geddes, ambao awali walikuwa wapima ardhi na mahakimu. Vijana waliowasaidia walijifunza uhandisi palepale kazini, na baadaye wakajenga mifereji na reli kwingineko.

Katika Afrika Mashariki, Reli ya Uganda (1896–1901) ilifuata njia tofauti. Waingereza waliajiri takribani watu 32,000 kutoka India, wakiwamo waashi, wahunzi na maseremala. Reli ilifika Kisumu, lakini kwa miongo mingi kazi za ufundi hazikuwa mikononi mwa Waafrika.

Serikali za Tanzania na Zambia zilikusudia kuepuka hali hiyo. Ujenzi wa TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ulizinduliwa mwaka 1970, ilhali Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973. Kwa hiyo mafunzo yalipitia njia mbili. Kwanza, maelfu ya vibarua walijifunza kwa kutazama na kutenda pamoja na mafundi wa Kichina. Pili, mwaka 1972 vijana wapatao 200 walipelekwa Beijing kusomea uendeshaji wa reli.

Hoja ya makala haya ni kwamba njia hizo mbili hazikukutana. Kipande kigumu cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilijengwa vijana hao wakiwa masomoni. Walipohitimu mwaka 1975, utandikaji wa reli ulikuwa umekamilika. Waliojenga hawakuwa na vyeti, na wenye vyeti hawakuwa wamejenga. Haishangazi, basi, kwamba wataalamu wa Kichina waliendelea kuhitajika baada ya makabidhiano ya mwaka 1976.

Kwa hiyo, idadi ya waliosomeshwa haitoshi kuwa kipimo cha urithishaji wa utaalamu. Ni muhimu pia kuchunguza mafunzo yalitolewa lini, na iwapo mwanafunzi alikuwapo kazi ilipokuwa ngumu. Swali hilo linaihusu pia miradi ya reli inayoendelea sasa nchini.