"Nguvu" na "Kani": Kueleza Mwendo kwa Kiswahili

Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba maana nyingi: nguvu za mwili, nguvu za dawa, nguvu za serikali. Fizikia huhitaji istilahi yenye mipaka. Ndiyo maana vitabu vya sayansi vya Tanzania hutumia "kani" kwa msukumo au mvuto wowote uwezao kubadili mwendo wa kitu au umbo lake. Kipimo cha kani ni newton, kutokana na jina la Isaac Newton, aliyechapisha kanuni za mwendo mwaka 1687.

Aina za kani hudhihirika katika mtumbwi uvukao mto Lualaba huko Kibombo, Maniema. Kwanza, mvutano wa dunia huuvuta chini. Pili, maji huuinua. Kani hizo mbili zikilingana, mtumbwi huelea. Tatu, kafi husukuma maji nyuma, nayo maji huusukuma mtumbwi mbele. Nne, ukinzani wa maji, ulio wa jamii moja na msuguano, hupinga mwendo huo.

Hapa ndipo neno la kila siku linapopotosha. Husemwa kwamba kitu hakiendi pasipo nguvu. Hata hivyo, mtumbwi uendao sawasawa, kwa kasi ileile, una jumla ya kani iliyo sifuri: msukumo hufidia ukinzani tu. Mpiga kafi akipumzika, mtumbwi hausimami papo hapo. Ukinzani, uliobaki peke yake, huupunguzia kasi hadi uchukuliwe na mkondo. Hivyo basi, kani husababisha mabadiliko ya mwendo, si mwendo wenyewe.

"Uzito" nao una utata. Sokoni gunia la mchele huwa na "uzito wa kilo 50". Kifizikia, kilo 50 ni tungamo, yaani kiasi cha maada. Uzito ni kani ya mvutano, ambayo kwa gunia hilo ni newton 490 hivi.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anaweza kukariri kanuni kwa Kifaransa huku akiendelea kuufikiria mwendo kwa neno "nguvu", na dhana potofu ikabaki bila kuguswa. Kuunda istilahi, kwa hiyo, hakutoshi. Sharti tofauti kati yake na neno la kawaida ifafanuliwe darasani, kwa mifano ambayo mwanafunzi huiona mtoni na sokoni.