Fahamu: Pua inayoziba na presha ya macho

Kiangazi kikikaza Handeni, au ukishinda kwenye vumbi la mkonge Korogwe, pua inaweza kuziba wiki nenda wiki rudi. Wengi hukimbilia duka la dawa. Kwa mwenye glakoma, ile "presha ya macho", hapo ndipo pa kusita.

Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta takribani watu 4 kati ya 100 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma. Glakoma nyingi haziumi mwanzoni.

Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, na hata Piritoni yetu ya kila siku, vinaweza kutanua mboni. Mwenye njia nyembamba ya maji ya jicho huweza kuzibiwa ghafla: jicho jekundu, maumivu makali, kutapika, taa kuzungukwa na duara za rangi. Hapo ni hospitali, usiku huohuo. Dawa za steroidi za kupuliza puani ni afadhali, ila anayezitumia miezi mingi apimwe presha ya macho.

Anza na maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, kusafishia pua. Na dukani, taja macho kabla ya mafua.