Kwa Nini Besi Huvuka Ukuta

Muziki ukipigwa usiku nyuma ya ukuta wa jirani, kinachokufikia kitandani ni besi. Maneno ya mwimbaji yamepotea, kinanda hakisikiki, lakini dundo lipo, linatikisa hadi vioo vya dirisha. Wengi husema besi ina nguvu zaidi. Pengine ni kweli, maana mafundi wetu wa mitambo hupenda kuikoleza kupita kiasi, lakini kuna jambo jingine: urefu wa wimbi.

Spika inapoisukuma hewa, molekuli hubanana, husukuma zilizo mbele yake, kisha hurudi zilipokuwa. Hewa yenyewe haisafiri. Kinachosafiri ni msukumo. Karibu na spika wimbi hutanuka kwa mviringo, ila mbali huko, kipande kinachokufikia kimeshanyooka na kuwa karibu bapa.

Katika hewa yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, msukumo huo huenda mita 343 kwa sekunde, uwe wa besi au wa filimbi. Isaac Newton alijaribu kukokotoa kasi hii katika kitabu chake cha 1687, akapata jibu pungufu kwa karibu asilimia 15. Alichukulia kwamba hewa ikibanwa, joto lake halibadiliki. Baadaye Mfaransa Laplace akaonyesha kasoro: mbano hutokea haraka mno, joto halipati muda wa kutoroka, hivyo hewa iliyobanwa hupata joto kidogo na kuwa ngumu zaidi kubanwa. Ndiyo maana sauti hukimbia zaidi kuliko alivyotarajia Newton.

Sasa gawanya kasi hiyo ya mita 343 kwa idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Besi ya mitikisiko 50 ina wimbi la karibu mita 7. Sauti nyembamba ya mitikisiko 5,000 ina wimbi la sentimita 7 tu. Mbele ya wimbi la mita 7, ukuta wa mita 2 ni kijikwazo: wimbi hupinda juu yake na kushuka upande wa pili. Lile fupi halipindi kiasi hicho, na nyuma ya ukuta huacha kivuli cha sauti.

Kichwa chako nacho ni kizuizi. Sauti nyembamba ikitoka kulia, sikio la kushoto hubaki kivulini, na ubongo hutumia tofauti hiyo kujua ilikotoka. Kwa besi, ambayo hukizunguka kichwa bila taabu, ubongo hupima sikio lipi limetangulia kufikiwa, ingawa tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Turudi ukutani: besi pia hupenya ndani ya ukuta wenyewe ukiwa mwepesi. Kwa hiyo trei za mayai zinazobandikwa kwenye kuta za studio za mtaani haziwezi kuizuia besi isitoke. Zina kina cha sentimita chache na hazina uzito. Anayetaka jirani alale ajenge ukuta mzito, azibe mianya yote hadi chini ya mlango, au apunguze besi, ambayo ni njia ya bei rahisi kuliko zote.