Kuichungulia Injini Pasi na Kuifungua

Injini ya ndege haifunguliwi ovyo. Kila nati inapolegezwa, huenda kosa jipya likazaliwa, na ndege isiyoruka ni hasara. Ndiyo maana mafundi hutumia boroskopu (jina hili tulitohoe tu kwa sasa), yaani neli nyembamba yenye taa na kamera nchani. Waundaji wa injini huacha vitundu mahsusi vyenye vizibo. Fundi hukitoa kizibo na kuipenyeza neli, kisha mwenzake huuzungusha mhimili polepole ili kila panga lipite mbele ya kamera. Daktari achunguzaye tumbo la mgonjwa hufuata mbinu iyo hiyo. Katika gari, aghalabu tundu la plagi hutosha kuonyesha pistoni na kuta za silinda.

Hata hivyo, kamera huona uso tu. Tarehe 17 Aprili 2018, panga la mbele la injini ya ndege ya Southwest Airlines lilikatika angani nchini Marekani, na abiria mmoja akafariki. Ufa ulikuwa umeanzia shinani mwa panga, palipofichwa ndani ya gurudumu linaloyashika mapanga. Baadaye ikaamriwa kuwa mapanga ya aina hiyo yapimwe kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu: wimbi likigonga ufa, hurudi kabla ya wakati wake.