Uzi Uliogeuka Kinanda: Kinasa cha Sintesaiza katika Gita la Besi

Utangulizi

Katika Kiswahili cha karne ya 19, neno kinanda halikuwa jina la ala ya vibonye. Edward Steere, katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka wa 1870, alilifafanua kuwa ni ala ya nyuzi, akaongeza kwamba lilitumiwa kwa karibu ala zote za Kizungu. Baadaye nyuzi zilisahauliwa, vibonye vikabaki. Leo mkazi wa Kisauni au Likoni akiambiwa kwamba arusini patakuwa na kinanda, hutarajia kukuta kibodi juu ya miguu yake ya chuma na spika mbili kubwa ubavuni.

Makala haya yanaeleza kifaa kinachoirudisha sauti ya kibodi kwenye uzi, yaani kinasa cha sintesaiza kinachofungwa kwenye gita la besi. Yanadhamiria kuonyesha jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, jinsi kinavyofungwa, na kwa nini besi hukilipia gharama kubwa ya wakati kuliko gita la kawaida.

Nyuzi na umeme katika muziki wa Mombasa

Kuipa ala ya nyuzi sikio la umeme si jambo geni Mombasa. Tashkota ni mfano bora. Ala hii ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka wa 1912. Ina nyuzi za chuma na vibonye vinavyofanana na vya taipureta. Ilipofika pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika taarabu, na upande wa Mombasa ilisikika sana katika nyimbo za Zuhura Swaleh, sauti yake ikikuzwa kwa umeme ili isimezwe na ngoma. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu nyuzi zake ni za chuma. Udi, ambao Zein l'Abdin (aliyefariki mwaka wa 2016) aliupa heshima kubwa mjini humo, kwa kawaida hufungwa nyuzi za nailoni, na sumaku haina habari na nailoni.

Gita la besi nalo lilipata makao. Makundi ya taarabu kama la Maulidi Juma yaliliweka pamoja na kinanda na ngoma, na bendi za hotelini, mfano Them Mushrooms iliyoanzishwa mwaka wa 1972, zililitegemea katika muziki wa dansi na chakacha. Kazi ya besi ni kubeba wimbo: hushika mwendo pamoja na ngoma na kumwonyesha mwimbaji pa kukanyaga. Hata hivyo, kibodi za kisasa zina midundo iliyopangwa tayari, na mkono wa kushoto wa mpigaji unaweza kutoa besi. Mwenye arusi mwenye fedha chache huona afadhali kumlipa mtu mmoja badala ya watano. Mpiga besi anayetaka kubaki jukwaani ana sababu ya kujiuliza iwapo nyuzi zake nne zinaweza kutoa pia zumari, fidla au ogani.

Sikio moja na masikio manne

Kinasa cha kawaida cha gita la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, huutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya. Umeme huo ukikuzwa, spika huugeuza kuwa sauti. Kinasa hiki kina sikio moja: nyuzi zote zikilia pamoja, hutoa mkondo mmoja uliochanganyika.

Kinasa cha sintesaiza huanza kwa kanuni iyo hiyo, lakini kina sikio dogo kwa kila uzi. Besi ya nyuzi nne hupata masikio manne, na kila moja husafirisha habari zake peke yake kupitia kebo yenye pini nyingi. Kampuni ya Roland ya Japani, iliyotoa sintesaiza yake ya kwanza ya gita mwaka wa 1977, ndiyo iliyoeneza mfumo wa kebo ya pini 13, na kinasa chake cha besi kiitwacho GK-3B hutumia mfumo huo.

Mwisho wa kebo kuna sintesaiza yenyewe. Hupima mtetemo wa kila uzi, hutambua noti iliyopigwa na nguvu ya kidole, kisha huiamuru sauti nyingine itoke: ogani, zumari au hata ngoma. Amri hizo zinaweza kupelekwa kwenye ala nyingine au kompyuta kwa lugha ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka wa 1983. Hapa ndipo tofauti ya msingi ilipo. Kinasa cha kawaida hupitisha kilichosemwa na uzi. Sintesaiza husikiliza kwanza, ikaelewa, ndipo ikasema kwa sauti nyingine. Ni mkalimani, na mkalimani hawezi kutafsiri neno ambalo bado halijatamkwa.

Gharama ya wakati

Uzi mnene wa besi, unaopigwa bila kubanwa, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Mzunguko mmoja kamili wa mtetemo wake huchukua milisekunde 24 hivi. Uzi mwembamba kabisa hutetemeka mara 98, na mzunguko wake ni milisekunde 10. Kifaa hakiwezi kuwa na hakika ya noti kabla ya kusikia angalau mzunguko mmoja, na mara nyingi huhitaji zaidi. Kwa hiyo noti nzito kabisa inaweza kuchelewa kwa milisekunde 24 hadi 50.

Muda huo ni mfupi kwa mtu asubiriye feri ya Likoni, lakini si kwa mwanamuziki. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kuchelewa kwa milisekunde 24 ni sawa na kumsikiliza mpiga besi aliyesimama mita 8 mbali. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125. Noti iliyochelewa milisekunde 50 imekwisha kula zaidi ya thuluthi ya nafasi hiyo. Ngoma itakuwa imepita, na wacheza chakacha, ambao viuno vyao hufuata mwendo huo, watahisi kulegea hata wasipojua sababu.

Wapigaji hukabili tatizo hili kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kupiga noti za juu, zinazotambuliwa haraka, na kuiagiza sintesaiza izishushe oktavu moja. Ya pili ni kuchagua sauti ambazo kwa asili huingia polepole, kama za fidla nyingi pamoja, ambazo hazifichui kuchelewa. Ya tatu, inayofaa zaidi kwa taarabu, ni kuiacha sauti halisi ya besi ishike mwendo kupitia kinasa chake cha kawaida, huku sintesaiza ikiongeza rangi juu yake. Viko pia vifaa visivyosubiri kutambua noti. Huuchukua mtetemo wenyewe na kuubadilisha umbo. Hivyo huwahi zaidi, ila havina uhuru wa kugeuza uzi kuwa ala yoyote ile.

Kufunga kinasa

Kazi ya kufunga huhitaji utulivu kuliko nguvu. Kinasa huwekwa karibu kabisa na daraja, yaani kipande cha chuma kinachobeba nyuzi mwishoni mwa tumbo la gita, kwa kuwa hapo uzi hauyumbi sana. Kila sikio hulazwa chini ya uzi wake. Likikaa kombo, litasikia habari za jirani na noti zisizopigwa zitatokea. Nafasi kati ya kinasa na nyuzi ni ndogo, kama milimita moja hivi, na hupimwa uzi ukiwa umebanwa mwisho wa shingo.

Ni busara kukishikilia kwanza kwa gundi ya utepe na kukijaribu kwa siku kadhaa kabla ya kutoboa mbao. Kisha usikivu wa kila uzi hurekebishwa mmoja mmoja. Nyuzi ziwe za chuma na safi: hewa ya chumvi ya pwani huzila haraka, na uzi wenye kutu hutetemeka ovyo. Mwisho, mpigaji naye hulazimika kujirekebisha. Kidole kinachokwaruza uzi wa pili kwa bahati mbaya hakidhuru katika besi ya kawaida, lakini sintesaiza hutafsiri kila kitu, hata kosa.

Suala la istilahi

Wanamuziki wengi hukiita kinasa pikapu, lakini neno hilo lina mwenyewe: ni gari dogo la mizigo. Kinasa limekwisha kuzoeleka kupitia kinasasauti, nalo linaeleza kazi ya kifaa bila utata. Kwa sintesaiza, lugha ina nyenzo pia. Wanafunzi wa biolojia hutumia usanisinuru. Kutokana na usanisi, kwa kufuata ngeli ya vifaa, kisanisi chaweza kuundwa bila kuvunja kanuni. Iwapo wapigaji watalikubali ni juu yao, kwani istilahi hukomaa mdomoni mwa mtumiaji.

Hitimisho

Kinasa cha sintesaiza hakimwondolei mpiga besi ushindani wa kibodi, wala hakimfanyi kuwa bendi nzima. Kinachompa ni sauti nyingi kwa masharti: anunue wakati kwa umahiri wa vidole, na asiisahau kazi yake ya kwanza ya kubeba wimbo. Neno kinanda nalo, lililohama kutoka kwenye nyuzi kwenda kwenye vibonye, limepata njia ya kurudi kwao.