Bosi Akipandisha Dau Ukiwa Mlangoni

Mhasibu mzoefu akipeleka barua ya kuacha kazi, ofisini hesabu huanza kupigwa: nani atafunga vitabu mwisho wa mwezi, na mgeni atachukua muda gani kuizoea kazi? Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inadai notisi isiyopungua siku 28. Ni nadra siku hizo kutosha kumpata mrithi, sembuse kumfundisha. Ndiyo maana bosi aliyeimba mwaka mzima kwamba bajeti imebana, ghafla anapandisha dau.

Simlaumu. Ananunua muda, na mara nyingi muda huo humgharimu kidogo kuliko pengo. Tatizo ni mfanyakazi anayedhani amethaminiwa upya wakati ameombwa tu asiondoke mwezi huu.

Jambo la kuuliza kwanza ni fedha hiyo inaingia wapi. Wengi hufurahia jumla wasitazame mafungu. Nyongeza ikiwekwa kwenye posho, mshahara wa msingi unabaki palepale, nao ndio unaotumika kukokotoa malipo ya saa za ziada pamoja na kiinua mgongo cha kisheria: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, mwajiri anapovunja ajira ya aliyestahili. Posho ya "maalumu" ina ugonjwa mwingine: iliyotolewa kwa maneno huondolewa kwa maneno. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri arekebishe maelezo ya ajira yanapobadilika na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi, kwa hiyo kuomba barua si utovu wa adabu.

Kuna pia barua yako ya kuacha kazi, ambayo wengi huisahau kwenye faili. Ukikubali kubaki, andika kwamba unaiondoa, na mwajiri ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Bila hivyo, siku mkikosana anaweza kuitoa na kudai uliacha mwenyewe.

Kama kilichokufukuza ni msimamizi anayekutukana mbele ya wateja, au cheo kisichopanda, laki mbili tatu za ziada hazimhamishi msimamizi wala hazipandishi cheo. Hapo kubaki ni kuahirisha safari. Kama kweli ilikuwa mshahara tu, na ofisi unaipenda, kubaki si aibu. Ila wenzako wa ngazi ileile watajua, maana siri ya mshahara haikai, nao watajifunza kwamba hapo nyongeza huombwa kwa barua ya kuondoka. Gharama hiyo mwajiri ataijua baadaye.

Mpe mwajiri siku mbili za kuweka ahadi yake kwenye karatasi, ikionyesha mshahara wa msingi na tarehe ya kuanza. Akikwepa, maliza notisi yako, dai malipo ya likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi, kisha nenda.